Mche Si Mshono

Fundi cherehani hakuwahi kumaliza mshono bila kuigeuza nguo ndani nje. Alitaka kuona kwa macho yake kwamba uzi umeshika. Miche nayo aliifanyia hivyo hivyo.

Nyuma ya chumba chake cha kushonea palikuwa na kivuli kutwa nzima. Nyasi hazikuota. Kila mvua iliponyesha, maji ya paa yalizoa udongo. Sasa mawe ya msingi yalikuwa nje.

"Mvua kubwa ziko njiani," mumewe alisema. "Chumba hiki si salama. Cherehani ihamie sebuleni."

"Sebuleni, kwenye mpira wa watoto? Subiri, nimepanda miche ishike udongo."

"Umepanda mara mbili, umezika mara mbili."

Fundi alitoka nyuma ya chumba, roho haijatulia. Alichukua ndoo akaimwagilia miche, ingawa aliimwagilia asubuhi. Akang'oa mmoja, akatazama mizizi, akaurudisha. Akashika wa pili.

"We Fundi! Unafanya nini hapo?"

Alikuwa Mama Makopo, jirani anayeotesha miche kwenye makopo ya rangi.

"Naangalia kama imeshika, shoga."

"Kila baada ya siku ngapi?"

"Mbili. Nikiwa na wasiwasi, kila siku."

"Basi itashika saa ngapi? Mizizi michanga ni myembamba kuliko uzi wako. Ukiinyanyua, inakatika." Mama Makopo alichomeka kidole ardhini. "Na tope hili? Unalima mpunga?"

"Jua kali!"

"Jua liko barabarani. Kivulini udongo hukauka polepole. Ukizidisha maji, mizizi inakosa hewa, inaoza. Tena miche hii ni ya juani."

Kesho yake alileta makopo sita ya kichaka kifupi, chenye majani mazito ya kijani.

"Hiki ni mwenyeji. Huota chenyewe chini ya miti mikubwa. Hakipiti kiuno, na hubaki kijani mwaka mzima."

Walipanda hatua moja kutoka ukutani, shibiri tatu kati ya shimo na shimo. Kila shimo lilikuwa na kina cha kopo na upana wa makopo mawili. Walitandaza majani makavu juu, bila kugusa shina. Mahali maji ya paa yanapodondokea, walipanga mawe.

"Chomeka kidole hadi kiungo cha pili," Mama Makopo alisema. "Pakiwa na unyevu, weka ndoo chini."

"Na nitajuaje kama vimeshika?"

"Chomeka kijiti kando ya mche. Funga uzi mwekundu usawa wa jani la juu. Tazama uzi, mizizi iache."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona suti. Fundi aliinuka kwenye cherehani mara tano kwa siku, mikono ameifunga nyuma. Wiki ya kwanza, uzi na jani vilikuwa sawa. Ya pili, sawa. Vidole vilimwasha. Wiki ya nne, majani mawili mapya yaliupita uzi.

Mvua kubwa zilikuja mwezi wa tatu baada ya kupanda. Zilipotulia, mume alitoka na koleo kuutazama msingi. Udongo ulikuwa palepale. Hakuamini. Aliinama, akashika kichaka kimoja, akavuta kidogo.

Hakikutoka.

Fundi alimchapa mkono kwa futi ya kupimia.

"Usifumue!" alisema, akarudi chumbani kwake kushona.