Koti Lisilokauka

Siku ya nne baada ya dhoruba kung'oa paa la makumbusho ya reli pale gatini Homa Bay, kila kitu kilikuwa kimekauka isipokuwa koti moja.

Teresa, mtunzaji wa makumbusho, alikuwa ameanika vyote nje: taa za ishara, kofia za makarani wa tiketi, bendera nyekundu na kijani. Jua lilikausha hata mbao zilizolala kwenye tope. Lakini koti lile jeusi lilidondosha maji, tone baada ya tone, nayo yalinuka matope ya chini kabisa ya ziwa.

"Koti hili linalia kuliko mjane," alisema Ombui, fundi wa mabati, kutoka juu ya ngazi. Kisha akakumbuka anasema na nani. "Nisamehe, mama Dorine."

"Endelea na misumari yako, fundi."

Mume wa Teresa, Willis, alikuwa baharia wa meli za shirika la reli. Ziwa lilimchukua mwaka wa tisini na tano, binti yao Dorine akiwa na miaka minne, na mwili haukuonekana tena. Kwa Wajaluo, aliyepotelea majini huzikwa kwa yago, lile tunda refu kama mkono wa mtu, badala ya mwili, ili roho yake ijue kwao. Baba mkwe wake, mzee Elkanah, alilileta tunda hilo mwenyewe kutoka Migori. Teresa akakataa.

"Mimi ni mtu wa kanisa, baba. Siziki tunda. Bwana anajua alipo."

Mzee alilichukua tunda lake akaenda zake.

Koti la Willis, lililobaki melini, likatundikwa makumbusho, kando ya koti la baharia mwingine, lililookotwa majini kabla Teresa hajazaliwa. Mwenyewe hakujulikana, wala hakuna aliyekuja kumlilia. Makoti ya reli yanafanana kama punje za mahindi. Yalitofautishwa na vikaratasi tu. Dhoruba iliviyeyusha vikaratasi, na koti moja likapotelea chini ya kifusi. Hili lililobaki Teresa aliliita la mumewe, kwa kuwa ndivyo moyo wake ulivyotaka.

Adhuhuri hiyo, bila upepo, kengele ya gati ililia mara tatu. Ombui alishuka akaondoka, nyundo akaiacha juu ya paa. Punde Dorine, binti pekee wa Teresa, sasa mwenye miaka tisa, akaingia kutoka shule, sketi imelowa hadi kiunoni.

"Mama, baba amesimama majini. Ananiita, lakini anasema 'wewe mtoto'. Amesahau jina langu?"

Jioni ile ile walikuwa Migori, wao na koti lao ndani ya gunia. Mzee Elkanah alisikiliza mpaka mwisho.

"Asiyelitaja jina lako hana nguvu ya kukuchukua," alimwambia mtoto. "Siku akilitaja, nyathina, mtoto wangu, usimwitikie."

"Baba, nizikie yago," Teresa alisema kwa sauti ya chini.

"Na kanisa lako?"

"Kanisa lina watoto wengi. Mimi nina mmoja."

Alasiri ya kesho yake tunda lilivishwa koti, likateremshwa kaburini mbele ya ukoo mzima. Mzee aliinama akaita, "Willis, mwanangu, hapa ndipo kwenu. Lala." Teresa akaimba wimbo wa kanisa, peke yake, hadi udongo ulipojaa. Usiku huo alipata usingizi, wa kwanza tangu awe mjane.

Jumatatu iliyofuata, Teresa na Dorine wakiwa wamerudi Homa Bay, Ombui alirudi kazini. Aliinua boriti iliyoanguka, akavuta kitu chini yake.

"Mama Dorine, koti lile lingine hili hapa."

Lilikuwa kavu kabisa, kama limetolewa sandukuni. Teresa aliigeuza kola, na hapo akaona mshono wa uzi wa buluu, mshono wake mwenyewe, wa asubuhi ile alipokosa uzi mweusi na Willis akamcheka kwamba amemshonea ziwa shingoni, na akaelewa kuwa waliyemlaza Migori kwa jina la mumewe ni yule baharia asiyejulikana.

Mzee Elkanah alikuwa ameshafika kwa basi la asubuhi, naye alikuwa na lake la kusema. Tangu mazishi, mtu alikuwa akikohoa ndani ya nyumba ya Willis kule Migori, na kila asubuhi kiti kilikutwa kimelowa. Alipoonyeshwa uzi ule, aliketi chini.

"Tumfukue, baba."

"Nimemwita mwana mbele ya watu. Kaburi lililoitiwa jina halifunguliwi, na jina halizikwi mara mbili."

"Na Willis?"

Mzee alitazama ziwa. "Willis amesikia akiitwa nyumbani. Amekuja, amekuta kitanda kina mtu."

Kengele ililia mara tatu. Dorine alikuwa ameketi kizingitini na sahani ya mahindi na maharagwe mapajani, na kutoka majini ikapanda sauti ambayo Teresa aliijua kuliko yake mwenyewe, sauti iliyokuwa ikibariki chakula chao kila jioni, taratibu, bila hasira, ikisema, "Dorine. Dorine nyar Willis, binti yangu," naye Teresa akaruka juu ya mbao na mabati ili amzibe mtoto kinywa, akaifikia midomo ile, akaikuta baridi, tayari iko wazi.

"Nipo, baba," Dorine aliitika.

Na koti mkononi mwa Teresa likaanza kudondosha maji.