Hedifoni za Mshenga

"Mimi kaburi," Badi alisema, akajigonga kifuani. "Siri ikishazikwa humu, hata lije tingatinga haifukuliwi."

Twaha alicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu mwenye homa ya harusi. Walikuwa wamesimama nje ya kiwanda alichofanyia kazi Twaha, pale ambapo mkonge wa Tanga ulisokotwa pamoja na nyuzi za kaboni kuwa kamba za kupandishia mizigo angani. Kamba moja ilikuwa ikijaribiwa wakati huo huo. Ilitoka juu ya paa, ikapenya mawingu, mwisho wake usionekane, na sanduku la chuma ukubwa wa chumba lilikuwa likiikwea polepole kama siafu anayepanda unywele. Wapita njia hawakuangalia hata mara moja. Tanga ya siku hizo mtu alikodoa macho akiona nyanya za bei nafuu, si kamba ya kwenda mbinguni.

"Sikiliza, Badi. Wewe ndiye mshenga wangu. Ijumaa barua ya posa inaingia kwa Mzee Shemweta. Kuna mambo ya Saumu nitakutumia kwa Mnong'onezi, mambo ambayo hata mama yangu hayajui. Ada yako nakupa leo leo. Nenda kanunue hedifoni za Fumba. Umenisikia? Fumba."

"Fumba. Kwani naenda kununua samaki, uniandikie?"

Mnong'onezi ndiye aliyekuwa barua, simu na redio ya watu wa wakati ule. Tangu vipaza sauti vipigwe marufuku, mji mzima ulikuwa umenyamaza kama nyumba yenye mgonjwa. Matangazo, nyimbo, hata adhana ya simu ya mkononi, vyote viliingia masikioni mwa mtu na kuishia humo. Na ujumbe wa mtu haukusomwa na mashine. Ulikufikia kwa sauti yake mwenyewe, na pumzi yake, kana kwamba amesimama nyuma ya bega lako. Wajane walikuwa wakisikiliza salamu za zamani za waume zao na kugeuka kutafuta nani amesimama nyuma.

Kwa hiyo mtu hakuulizwa kama ana Mnong'onezi. Aliulizwa anamsikilizia kwenye nini.

Dukani, dada mmoja muuzaji aitwaye Pili alimpangia Badi aina mbili juu ya meza.

"Hizi Fumba. Mgongo wake umezibwa. Sauti haitoki na ya nje haiingii. Hizi Wazi. Mgongo ni wavu tu, hewa inapita, sauti inapita. Bei ni moja."

Badi alivaa Fumba kwanza. Dakika haijaisha, masikio yakaanza kuchemka kama mihogo. Besi ilikuwa inadunda tu, kama jirani anatwanga kisamvu chumba cha pili, na mwimbaji amefungiwa stoo. Akazivua, akavaa Wazi. Hapo ndipo alipofumba macho mwenyewe. Fidla ilikuwa kushoto, ngoma kulia, mwimbaji mbele yake kabisa, na nje ya wimbo bado alimsikia Pili akimenya chungwa.

"Mbona zimepishana hivi na bei ni moja?"

"Kuziba sauti ni gharama, kaka. Fumba nzuri ipo, lakini utauza kitanda. Kwa pesa uliyoshika, Wazi unapata muziki, Fumba unapata kofia ya masikio. Ila nakwambia mapema, Wazi zinavuja. Unachosikia wewe, jirani naye anakula."

"Jirani yangu punda."

Hakumtukana mtu. Kazi ya Badi ilikuwa kuongoza punda-chuma, zile mashine za miguu minne zilizobeba mizigo mitaani kwa kwato za mpira, bila mlio. Mwenzake mmoja alikuwa amevaa Fumba kazini, hakusikia punda nyuma yake, akakanyagwa goti. Kwa hiyo Badi alikuwa na sababu, tena sababu nzito, na angeweza kurudi kwa Twaha akamwambia hivyo hivyo, wakaelewana. Lakini kuna watu wakiwa na sababu nzuri huona haya kuitumia, wanaona bora uongo. Alinunua Wazi, akapita kwa fundi cherehani, akashonewa vifuniko vya kitambaa cheusi vya kuficha ule wavu.

"Ndiyo Fumba hizo?" Twaha aliuliza walipoonana.

"Hizi zinafumba mpaka mawazo, mwanangu. Nikizivaa nasahau jina langu."

Alhamisi, kesho yake ndiyo posa, Badi alienda saluni kutengeneza sura ya mshenga. Saluni ilikuwa moja, imegawanywa kwa ubao mwembamba: huku wanaume wananyolewa, kule wanawake wanachorwa hina na mkono wa chuma uliochora maua bila kutetemeka. Badi aliketi, mashine ya kunyolea ikaanza kumzunguka kichwani, naye hedifoni ameziteremsha kidogo zisipigwe na wembe. Mnong'onezi akalia. Sauti ya Twaha ikaja, safi kabisa.

"Badi, ndugu yangu. Jambo lenyewe ni hili. Saumu atakuwa mwezini miaka miwili. Babake hajui. Kho! Kho! Atamwambia mwenyewe posa ikishapokewa. Kwa hiyo wakikuuliza harusi lini, wewe vuta iwe kabla ya Machi. Usimwambie mtu."

Mashine ilikuwa ikivuma sikioni, maneno mengine yakampita. Badi akaongeza sauti, akairudia toka mwanzo. Akatabasamu peke yake. Kumbe Saumu amepata kazi kwenye mitambo ya Mwezini. Mtoto wa fundi saa wa Ngamiani anakwenda kukanyaga Mwezi. Alitamani kumwambia mtu, akajizuia, akajisifu kwa kujizuia.

Ijumaa barua ya posa ilirudishwa kabla haijafunguliwa.

Hakuna dharau inayoipita hiyo. Posa hukataliwa kwa adabu: watu hula, hunywa, huambiwa binti bado anasoma. Hii ilirudishwa mlangoni, juu ya sinia lile lile, na kitambaa chake. Jioni hiyo Saumu alimtumia Twaha maneno mafupi, na Twaha akayarudia mbele ya Badi kwa sauti yake mwenyewe, maana alishindwa kumwachia Mnong'onezi ayaseme tena kwa sauti ya Saumu.

"Ameniambia, 'Nilikuambia wewe peke yako. Wewe umenivua nguo saluni.'"

"Saluni?"

"Saluni. Mimi tangu Jumatatu sijatoka kiwandani, Badi. Na mtu niliyemwambia ni mmoja tu."

Mkono wa Badi ukaenda kwenye hedifoni zake shingoni. Akajua pale pale. Akajua yote.

"Unaniangalia hivyo mimi?" alisema. "Mtu mwenye Fumba? Tafuta ndani ya nyumba yao, bwana. Wanawake hao wanasemeshana."

Twaha aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Hilo ndilo lililomuuma Badi kuliko yote, kuombwa radhi. Lakini radhi hiyo hakuirudisha.

Jumapili Mzee Shemweta akawaita, kwa sababu hata mshtakiwa husikilizwa. Walimkuta sebuleni na dada yake, Bi Zulfa, mikono yake bado myeusi kwa hina. Wakaamkia, wakaitikiwa kwa shida.

"Kijana," Mzee alimwambia Twaha, "binti yangu umempenda, sawa. Lakini mwanamume gani anasimama saluni, mbele ya watu, anatangaza kwamba mtoto wa watu yuko mwezini? Tena miaka miwili. Unamzushia ugonjwa. Halafu unasema babake asijue. Mimi nijue mambo hayo ya nini? Mimi mkunga?"

Badi, pamoja na hofu yake yote, nusura acheke. Ndipo mlango wa ndani ukafunguliwa, Saumu akatoka, macho yamevimba.

"Baba, si mwezini huko. Ni Mwezini." Akanyoosha kidole darini. "Nimepata kazi kule. Naondoka mwakani. Nilitaka nikwambie mimi, tukiwa wawili, nikushike mkono."

Mzee Shemweta alikuwa mtu wa saa, mtu wa kusikia vitu vidogo. Aliposema, hakupaza sauti.

"Kwa hiyo huyu alijua. Na mshenga wake alijua. Na wanaonyolewa walijua. Baba ndiye wa mwisho."

"Baba, nisamehe."

"Nasikia habari ya mwanangu kupitia ubao wa saluni."

Saumu akamgeukia Twaha. "Mimi ningekuachia moyo wangu uniwekee mpaka nirudi, Twaha. Neno moja tu lilikushinda."

"Wallahi sikwenda saluni. Waulizeni kiwandani."

"Nilikusikia, baba," Bi Zulfa alimwambia Twaha kwa upole. "Sikukuona, maana mimi nilikuwa upande wa hina, nyuma ya ubao. Lakini sauti yako naijua, uliwahi kunisomea risala. Ilikuwa wewe, hivi hivi."

Twaha akamgeukia Badi. "Wewe Alhamisi ulikuwa unanyoa. Uliniona?"

Hedifoni zilikuwa shingoni mwa Badi, ndani ya vifuniko vyake vyeusi. Alikuwa na neno moja la kusema, na neno hilo lingemrudisha Twaha kwa Saumu na kumwaibisha yeye peke yake. Aliona jinsi watakavyomcheka mtaani, mshenga anayevuja. Akaona hakuna mtu mwingine atakayemwita kuwa mshenga wake. Mdomo wake, uliozoea kuwahi, ukawahi.

"Bwana, nisilazimishwe kusema uongo mbele ya wazee," alisema. "Nilikuwepo. Twaha alipita kidogo, furaha ikamzidi. Mimi mwenyewe nilimwambia apunguze sauti."

Twaha alimtazama tu rafiki yake, kama mtu aliyefika kwake akakuta kitasa kimebadilishwa. Saumu akajifunika uso kwa mtandio.

Bi Zulfa ndiye aliyekunja kipaji cha uso.

"Ulimwambia apunguze sauti wakati gani, mwanangu?"

"Pale pale, shangazi. Alipoanza tu."

"Ajabu. Maana sikuisikia sauti yako hata kidogo. Na hakupunguza, aliongeza. Aliyasema yote mara mbili, neno kwa neno, na ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Na mara zote mbili alikohoa, pale pale, baada ya 'babake hajui'. Kikohozi kile kile, urefu ule ule. Nikasema moyoni, maskini, kijana ana kifua." Akamtazama Twaha, akamtazama Badi, kisha macho yake yakateremka hadi shingoni mwa Badi. "Lakini mtu hakohoi kwa kipimo."

Mzee Shemweta aliinua kichwa taratibu, kama anavyofanya saa inapokosa pigo moja.

Saumu alikuwa ameshavuka mkeka. Alishika kile kitambaa cheusi, akakibonyeza kwa kidole gumba. Kikabonyea, na chini yake akahisi wavu.

"Badi," alisema. "Hebu iweke mara ya tatu, na sisi tusikie."