Dawa ya Mbao Kitandani mwa Mama

Ndugu zangu mnaoishi na wazee, na ninyi wenye nguvu ambao uzee bado haujawabishia hodi, sogeeni mnisikilize. Nitawaeleza yaliyompata Syokau wa hapa kwetu Wamunyu. Sitayalainisha, maana hayakuwa laini kwake.

Boma la Wathome, mwanawe, lilikuwa boma la kupendeza. Kulipokucha ungesikia tezo yake ikichonga vinyago, na vipande vya mbao vikiruka vikirundikana miguuni pake. Mama yake aliketi kando kwenye jua la asubuhi akisuka kiondo, huku akimtania.

"Huyu twiga umempa uso wa shangazi yako," angesema. "Wazungu wakimnunua, wamlishe ugali."

Wathome angecheka hadi tezo imshinde mkononi. Dada yake Mutheu, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume, angetoa chai, nao wangeinywa pale pale uani pamoja na Ndanu, mke wa Wathome. Hivyo ndivyo walivyoishi.

Halafu Syokau akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito, na haja zikawa zinamtoka bila yeye kujua. Mutheu ndiye aliyemtunza. Kila asubuhi alimwosha kwa sabuni, akambadilishia shuka, zile chafu akazifua na kuziloweka kwenye maji yenye jiki kidogo, ile dawa ya kuua vijidudu, akaanika. Ungeingia chumba kile usijue kama kuna mgonjwa. Wathome alikuwa akifika mlangoni tu. "Mwaitu, umeamkaje?" angeuliza, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, kisha huyoo kwenye kazi yake. Watu kanisani walimsifu kwa kumtunza mama, naye sifa hizo alizipokea.

Basi mambo mawili yakaja kwa pamoja. Mutheu alipatikana na uvimbe tumboni, ikambidi aende Machakos mjini kupasuliwa. Na wakati huo huo kukasikika kipindupindu kimeingia vijiji vya upande wa Masinga. Watu wakakimbilia maduka. Aliyehitaji chupa moja ya jiki alibeba katoni nzima, na sokoni hapakubaki hata tone.

Wathome alikwenda kwa Hoodo, mwanamke wa Kisomali ambaye duka lake liko karibu na soko la mbuzi.

"Jiki imeisha, Wathome," Hoodo alisema. "Hata mimi mwenyewe sina ya nyumba yangu."

"Sasa mimi nitafanya aje? Mama anachafua kila siku. Nyumba iko na harufu."

"Chukua sabuni ya mche. Mama yangu alilala hivyo mpaka Mungu alipomchukua, na siku nyingi jiki hatukuwa nayo. Unatoa uchafu kwanza, unatupa chooni. Shuka unafua na sabuni, halafu unachemsha kwa sufuria kubwa mpaka itokote vizuri. Unaanika kwa jua kali. Sakafu unasugua na sabuni na maji moto, unafungua dirisha. Mikono unaosha kila saa. Ni kazi, lakini inatosha."

"Ni kazi ya wanawake hiyo."

"Ni kazi ya mtoto wa mtu," Hoodo akamjibu. "Sabuni nikupe?"

Wathome hakuchukua sabuni. Na hebu tazameni, ndugu zangu: huyu hakuwa mtu aliyekosa kuni. Ua wake ulijaa mabaki ya mbao ambayo yangechemsha shuka za kijiji kizima. Maji yalikuwa kwenye tangi. Alichokosa ni moyo wa kushika kilichotoka kwa mama yake.

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe maneno ya Hoodo, akitarajia kwamba yeye ndiye atakayefanya.

"Mume wangu," Ndanu akasema, "mimi sikuolewa kuosha choo cha mtu mzima. Mutheu akirudi ataendelea."

"Na harufu?"

"Asile sana. Asipokula sana, hatachafua sana."

Mmesikia vizuri. Huo ndio ushauri uliotolewa, na mwana akaukubali. Syokau akaanza kupewa uji nusu kikombe asubuhi, na jioni maji ya kulowesha mdomo. Alipoomba zaidi, kwa ule ulimi wake mzito, Ndanu alisema haelewi anachosema. Shuka zilibadilishwa zilipokuwa zimekwisha kukauka mgongoni. Ngozi ikachubuka. Mutheu alipopiga simu kutoka hospitalini kuuliza, Wathome alimjibu, "Mwaitu yuko sawa kabisa. Pona wewe kwanza."

Ikakaribia Jumapili ambayo jumuiya ya kanisa ilikuwa imepangwa kusali nyumbani kwa Wathome. Wageni wangejaa sebuleni, na chumba cha Syokau kiko ukuta kwa ukuta na sebule. Harufu ilikuwa imefika mlango wa nje. Wathome aliwaza aibu yake. Hakuwaza kitu kingine.

Katika karakana yake kulikuwa na mtungi wa dawa ambayo wachongaji hupaka mbao zisiliwe na wadudu. Ni dawa kali, inayotaka glavu hata unapopaka kinyago. Asubuhi ya Jumapili hiyo aliubeba mtungi hadi jikoni.

Ndanu alishtuka. "Hiyo si ni sumu?"

"Inaua wadudu wa mbao walio ndani kabisa. Hivi vijidudu vidogo itashindwa navyo? Harufu yake itafukuza ile nyingine."

Akamimina kwenye karai la maji na kuingia chumbani. Alisugua sakafu kwa mikono mitupu. Akalowesha godoro pale pale Syokau alipolala, na blanketi pia. Halafu akachovya kitambaa, akampangusa mama yake mgongoni na mapajani, kwenye zile sehemu zilizochubuka.

Syokau alipiga yowe. Kwa mkono wake mmoja mzima alimshika mwanawe shati.

"Mwa-naa... ya-choma..."

"Tulia, mwaitu! Nakusafisha!" Akaubandua ule mkono kidole kwa kidole. Akafunga dirisha ili harufu isizunguke kwenda sebuleni, akafunga na mlango.

Wageni wakaja. Sebule iling'aa, vikombe vilipangwa. Mzee Mutiso, mwenyekiti wa jumuiya, aliomba kwanza amsalimu Syokau.

"Amelala," Wathome akasema. "Hakupata usingizi vizuri. Tumwache apumzike."

Wakasali. Wakaimba nyimbo kwa makofi na kayamba. Nyuma ya ukuta Syokau alikuwa akiita. Haya si ya kubuni, Ndanu mwenyewe aliyasema baadaye mbele ya wazee wa ukoo huku akilia: kila wimbo ulipokaribia kwisha, mumewe alianzisha mwingine.

Wageni walipoondoka, Wathome na Ndanu walimkuta Syokau akitokwa na mate mengi kama povu, jasho limemlowesha, misuli ya uso ikirukaruka. Alikuwa ametapika na kuhara mfululizo. Pumzi yake ilikoroma.

"Tumpeleke hospitali," Ndanu akasema.

"Watauliza."

"Sasa tutasema nini?"

Wathome akasema, "Anahara na kutapika. Ni kipindupindu."

Hapo ndipo Ndanu alipochemsha maji. Alimvua Syokau nguo, akamwosha kwa sabuni tangu kichwani hadi nyayoni, akamkausha, akampaka mafuta, akamvika gauni safi na shuka mpya. Yale yote ambayo mama yule alinyimwa siku zote hizo alifanyiwa siku hiyo, ili madaktari wasinuse dawa.

Hospitalini walikuwa wametenga hema la wagonjwa wa kipindupindu. Daktari wa zamu alikuwa kijana aitwaye Munyao, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Aliuliza, "Ilianzaje?"

"Kuhara tu, daktari. Na kutapika. Nafikiri ni hii kipindupindu."

"Kuna kitu alikunywa? Dawa yoyote ameshika, yoyote ya shamba, ya wadudu?"

Sikilizeni, ndugu zangu. Mlango ulifunguliwa mbele ya Wathome wazi kabisa. Aliulizwa jambo lenyewe kwa maneno yenyewe. Mama yake alikuwa kitandani pembeni, jicho moja limemwelekea yeye.

"Hapana," Wathome akasema. "Hakuna."

Ndanu, aliyesimama kando yake, alinyoosha shuka ya Syokau.

Daktari akamwekea Syokau maji ya mshipa kama wengine waliokuwa pale hemani, akakimbilia mgonjwa mwingine aliyekuwa akizimia. Lakini maji hayakuwa tiba ya kilichokuwa kinamuua Syokau. Mate yalizidi kujaa kifuani. Alikata roho jua likiwa bado halijazama. Hapakuwa na mtu aliyemshika mkono; Wathome alikuwa nje akipiga simu kutafuta gari la kurudi nyumbani.

Hakulimaliza ombi lake kwenye simu hiyo. Tangu mchana alikuwa akisikia kichwa kizito, akidhani ni uchovu. Sasa macho yalimfifia, mate yakamjaa mdomoni, miguu ikalegea. Kumbukeni alisugua chumba kile bila glavu, na suruali yake ilikuwa imelowa dawa asiibadilishe, bali akaifunika kwa koti refu la kupokelea wageni. Alianguka mlangoni pa hema akitapika.

Munyao alimkimbilia. Wathome akamkamata daktari kwa mikono miwili.

"Daktari, ni dawa ya mbao! Sio kipindupindu! Nilishika dawa ya mbao, daktari, nisaidie!"

Hakusitasita. Ukweli aliomnyima mama yake aliutoa wote kwa pumzi moja ilipofika zamu yake mwenyewe.

 Munyao aliagiza avuliwe nguo zote, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, akamdunga sindano, akarudia tena na tena hadi kifua kilipokauka na pumzi ikatulia. Wathome akaishi. Alipoweza kuketi, daktari alikuja akasimama kando ya kitanda chake.

"Mama yako alikuwa na dalili kama zako," akasema. "Mimi nilipaswa kuangalia macho yake vizuri zaidi, maana sumu hii husinyaza mboni, na hilo nitalibeba. Lakini nilikuuliza. Sindano ilikuwa kwenye kabati pale."

Wathome akaomba maji ya kunywa.

Mutheu aliletwa kutoka Machakos akiwa bado na nyuzi tumboni, akitembea ameinama. Alimkuta kaka yake chini ya ulinzi wa polisi, kwenye wodi. Hakumtukana. Alimuuliza jambo moja tu: "Kuni zilikuwa zimeisha?"



Kesi bado inasikizwa. Ndanu alitoa ushahidi, kisha akarudi kwao, na kwao nako hakuna mzazi anayempa mtoto ambebe. Syokau tulimzika kwenye shamba lake, ndani ya shuka ambayo Mutheu aliifua kwa mikono yake mwenyewe, akaichemsha, akaianika juani, akakataa kusaidiwa.

FUNZO

Jiki ikikosekana dukani, usafi haujakosekana. Ondoa uchafu kwanza, osha kwa sabuni na maji, chemsha nguo za mgonjwa hadi zitokote, zianike kwenye jua, fungua madirisha, nawa mikono. Hizo ndizo njia za watu wasio na kitu, na zinafaa. Dawa ya mbao, ya kupe, ya mimea, ya mchwa, hizo zimetengenezwa kuua wadudu. Hazisafishi nyumba, wala hazipaswi kugusa ngozi ya binadamu. Harufu kali si usafi.

Ukikosea, na kukosea kupo, mwambie daktari ukweli hata kama utafungwa kwa ajili yake. Aibu yako haina thamani ya pumzi ya mtu.

Na wazee wetu wanapochafua shuka, hawajatukosea. Anayemnyima mzazi chakula ili asimwoshe ameanza kumuua kabla ya kugusa sumu yoyote. Leo jioni nenda chumba cha yule mzee wako. Usiishie mlangoni. Ingia, funua blanketi, utazame mgongo wake.