Barua Arobaini na Moja za Serahangi

"Usinishike. Soma hapa. Soma kwa sauti."

"Miwani nimeisahau, mpenzi."

"Iko kichwani mwako."

Mwanamume aliishusha miwani kutoka kwenye upara, akaitazama karatasi iliyokuwa bado na joto la mashine ya fotokopi. Ilikuwa nakala ya kitabu chake cha ubaharia, kile kijitabu ambacho baharia hugongewa muhuri kila anapopanda meli na kila anaposhuka. Alikileta mwenyewe asubuhi hiyo kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kilipotea zamani, na msajili wa ndoa alitaka kitambulisho chochote chenye picha na tarehe. Miadi yao ilikuwa saa nane mchana, kuandikisha tangazo la ndoa. Sasa ilikuwa saa nne, na bibi harusi alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka lake la steshenari, ameshika rula, anaonyesha muhuri.

"Kupanda, mwezi wa kwanza," alisoma yule mwanamume.

"Endelea."

"Kushuka... mwezi wa sita."

"Mwaka gani?"

"Uleule. Lakini mihuri hii, unajua, makarani wa bandarini walikuwa wanagonga tu."

"Barua yako ya kwanza niliipata mwezi wa nane. Ya mwisho miaka mitatu baadaye. Ulikuwa unaandika ukiwa wapi? Juu ya mti?"

Meli yenyewe ilikuwa ya mizigo. Ubavuni iliandikwa jina la heshima, lakini mabaharia waliiita Kikohozi, kwa jinsi injini yake ilivyokohoa kabla ya kuwaka. Miaka thelathini na mitano iliyopita ilifunga gati siku tisa kupakia mbao. Serahangi wake, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, alikuwa kijana mwenye pengo la mbele na kicheko cha kutikisa madirisha. Akampenda msichana aliyekuwa akijifunza kupiga chapa kwenye chuo cha jirani na bandari. Siku ya kumi, kamba zinafunguliwa, akamwambia, "Ukiandika, juu ya bahasha weka Serahangi na jina la meli. Kule hatuitani majina, tunaitana kazi. Itanifika."

Msichana akaandika, akajibiwa. Barua arobaini na moja. Kisha kukawa kimya. Akaolewa na mwalimu wa hesabu, mtu mwema, akazaa binti mmoja, akafungua duka, akafiwa. Miezi miwili iliyopita yule binti alimwingiza mama yake kwenye kundi la WhatsApp la mabaharia wa zamani, wazee mia mbili na kitu wanaotafutana na kubishana kuhusu meli ambazo sasa ni masufuria. Haikupita wiki, mwenye pengo akapatikana. Pengo lilikuwa limepata majirani, lakini kicheko kilikuwa kilekile.

"Nikuulize moja tu," alisema mwenye duka. "Ni shehena gani iliyowaliza meli nzima?"

Mzee alifikiri. "Kuna maiti tulibeba?"

"Binti yangu, umesikia?"

Binti alikuwa anapanga kalamu kwenye rafu kama mtu asiyesikiliza. "Nimesikia, Mama."

"Ananiambia maiti."

"Labda amesahau, Mama. Ni miaka mingi."

"Barua ya kurasa sita, pande zote mbili, asahau?"

Mzee akavua miwani, akaikunja taratibu.

"Sijasahau. Sijawahi kuandika barua maishani mwangu, hata kwa mama yangu mzazi. Nilishushwa Kikohozi mwezi wa sita kwa sababu ya mgongo, na sikurudi tena."

"Na siku ile ya kwanza nilipokushukuru kwa zile barua?"

"Ulikuwa umefurahi mno. Nikasema moyoni, nitamkatili vipi? Nikatabasamu. Kesho yake ukazitaja tena, nikatabasamu tena. Baada ya hapo ikawa vigumu kuacha."

"Miezi miwili!"

"Niko peke yangu, bibie. Nimechoka kula nimesimama. Wewe unapika, unacheka, nyumba yako ina mazulia. Mwingine angefanya nini?"

"Angesema."

Aliitoa nakala kwenye kaunta, akaipasua mara mbili, akaitupa kwenye ndoo ya karatasi zilizoharibika. Kitabu akamsukumia mwenyewe.

"Nenda salama. Na huo mgongo usiubebeshe mizigo."

"Basi, safari yetu imeisha hivihivi?"

"Iliisha mwezi wa sita. Muhuri upo."

Mzee alikaa kidogo, akaona hakuna anayemtazama, akachukua kofia yake akatoka. Alikuwa na heshima ya kutopiga kelele mtaani. Hilo mwenye duka alimkubalia.

"Mama, unalia?"

"Vumbi la mashine."

"Mashine imezimwa."

"Basi, vumbi la jana. Lete simu yangu."

Akaandika kwenye kundi: "Habari zenu wazee. Mwenye pengo aliposhuka Kikohozi, nani alipanda kuwa serahangi badala yake?"

Kundi likaamka. Wa kwanza kujibu alikuwa mzee waliyemwita Mkaa, aliyefanya kazi chini kwenye injini.

"Kikohozi! Meli ile ilikuwa inavuja hata ikiwa nchi kavu."

Akajibu mpishi wa meli, ambaye wote walimwita Kuki: "Ungejuaje inavuja, wakati zamu zako zote ulikuwa unalala?"

"Nililala kwa sababu ya chai yako. Ilikuwa maji ya kuoshea sufuria."

"Na vikombe vitatu ulikuwa unakunywa."

"Wazee," aliandika mwenye duka, "nimeuliza swali."

Kuki: "Muulize Msimamizi wa kundi, bibie. Yeye ndiye mwenye orodha za meli zote."

Mkaa: "Amuulize nini? Si ndiye mwenyewe?"

Kuki: "Eh, kweli! Ni yeye aliyepanda. Kijembamba fulani, kila akipumzika anaandika. Tulidhani anatuchongea kwa nahodha."

Mwenye duka aliisoma mara mbili. Msimamizi wa kundi ndiye aliyemtafutia mwenye pengo. Mtu mpole, haweki picha, maneno machache. Alipopewa habari za ndoa alijibu, "Hongereni. Kazi ya kundi ndiyo hii."

Sasa chini ya ujumbe wa Kuki ilionekana kwamba Msimamizi anaandika. Akaacha. Akaanza tena. Akaacha.

Mwenye duka akamwandikia pembeni: "Ni shehena gani iliyowaliza meli nzima?"

Jibu lilichukua dakika nzima.

"Vitunguu. Siku kumi na moja. Nahodha alilia kuliko wote."

Binti alichungulia begani mwa mama yake. "Mungu wangu."

"Toka hapo, unanifunika mwanga," alisema mama, akapiga simu. Iliita mpaka karibu ikatike.

"Hallo." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu asiyeongea sana.

"Kumbe una sauti."

"Habari ya asubuhi, bibie."

"Habari iweke. Barua yangu ya kwanza uliifungua kwa nini?"

"Juu iliandikwa Serahangi. Serahangi nilikuwa mimi."

"Ukajua lini kwamba si yako?"

"Mstari wa pili. Ulitaja pengo. Mimi wakati ule meno yangu yalikuwepo yote."

"Na bado ukajibu."

"Nilikaa kukujulisha kwamba mwenzangu ameshuka. Niliandika, nikachana. Nikaandika, nikachana. Ya tatu nikaongeza kidogo habari za vitunguu, ikapoteza njia."

"Kurasa sita zikapoteza njia!"

"Ndiyo. Nikapanga kusema kwenye ya pili. Kisha kwenye ya tatu. Wewe nawe ulikuwa unauliza maswali mazuri. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza bahari ina harufu gani asubuhi."

Mwenye duka alivuta kiti akakaa. Mteja aliingia na karatasi mkononi, binti akamtoa kwa ishara ya kope.

"Na ulipoacha kuandika?"

"Mwenye meli alitutelekeza. Tulitia nanga nje ya bandari miezi saba, hakuna wa kutushusha, hakuna posta. Tunapaka rangi juu ya kutu ili tusiwe wehu. Meli ilipouzwa kuwa chuma chakavu, nilikuja kwenu."

"Ulikuja wapi?"

"Mtaani kwenu. Anwani ilikuwa kichwani. Nilitaka nikwambie kwa mdomo, unizabe kofi, niondoke. Nikaambiwa umeolewa na mwalimu."

"Wiki ngapi baada ya harusi?"

"Wiki tatu."

Wiki tatu tu. Alikumbuka hata gauni alilokuwa akivaa siku zile. Hakumjutia mwalimu, na hakukusudia kuanza leo.

"Ungenitumia neno moja. Ningengoja."

"Kwa mkono wa samaki?"

Alitaka kucheka, akajizuia, maana hasira yake ilikuwa haijaisha.

"Na juzi nilipoandika kwenye kundi natafuta serahangi wa Kikohozi? Ukaona, ukanyamaza kama gogo?"

"Uliandika unamtafuta mwenye pengo. Nikakutafutia mwenye pengo."

"Nilidhani ndiye aliyeandika!"

"Mimi ningejuaje? Nilidhani ameshakwambia ukweli, na umemchagua hivyohivyo. Kila siku nilingoja unitukane. Wewe ukawa unanishukuru."

"Una mke?"

"Nilikuwa naye. Amefariki mwaka wa saba huu. Habari zako alizijua. Alisema siku moja ni lazima nikuombe radhi, ndipo nikaanzisha kundi. Nilifikiri katika wazee wote hao hatakosekana mmoja anayejua ulipo."

"Mia mbili na kitu unawasumbua kwa ajili yangu?"

"Hawasumbuki. Wamepata watu wa kubishana nao."

Mwenye duka alitazama saa ya ukutani. Saa tano kasoro robo.

"Wewe ni mwongo wa miaka mitatu," alisema. "Yule ni mwongo wa miezi miwili. Mimi nimezungukwa."

"Ni kweli, bibie."

"Kutoka kwako mpaka hapa basi linachukua muda gani?"

"Saa mbili. Na ushee."

"Nina miadi kwa msajili wa ndoa saa nane. Bwana harusi amepungua."

Huko upande wa pili kitu kilianguka, kama kikombe cha bati.

"Unanitania."

"Mimi nauza kalamu, sitanii. Tangazo linakaa ubaoni siku ishirini na moja kabla ya ndoa. Siku hizo zote nitakuchunguza mpaka soksi. Nikikuta uongo mwingine nalibandua kwa mkono wangu. Sasa sema. Unakuja, au utaniandikia?"

"Nakuja."

"Lete kitabu chako cha ubaharia. Chenyewe, si nakala. Nitasoma mihuri."

Akakata. Binti alikuwa ameweka mikono kichwani.

"Mama! Humjui hata sura!"

"Sura ninayoijua imenidanganya miezi miwili."

"Na huyu je? Si amekudanganya miaka mitatu?"

"Alinidanganya jina la mtu. Vitunguu vilikuwa vya kweli. Harufu ya bahari ilikuwa ya kweli. Nilipofiwa na mama, barua niliyoletewa ilikuwa ya kweli. Nimeishi na mtu, mwanangu, ninajua kipi kinaigizwa na kipi hakiigiziki."

"Watu watasema nini?"

"Watasema wakija kutoa kopi, na kopi watatoa. Niletee viatu vyeusi."

"Mama, fikiria hata mpaka kesho."

"Nimefikiria miaka thelathini na mitano. Kesho itaniongezea nini?"

Saa nane kasoro dakika tano walikuwa nje ya ofisi ya msajili, mama na binti, chini ya ukingo wa paa. Mtu mmoja alivuka barabara kwa haraka, mrefu, mwembamba, masikio makubwa. Shati lake lilipigwa pasi upande wa mbele tu. Alipowafikia alisimama wima kama anayekaguliwa, akatoa kitabu kidogo mfukoni, akamnyooshea mwenye duka kabla hata ya salamu.

Mwenye duka alikifungua. Kupanda, mwezi wa sita. Kushuka, miaka mitatu na miezi saba baadaye. Akafunua kurasa zote, moja moja, mpaka ya mwisho, na yule mtu hakusogeza mguu.

"Nisamehe," alisema.

"Kusamehewa ni kule ndani. Hapa jua kali."

Karani wa msajili alikuwa na fomu yao tayari mezani, ile waliyoijaza wiki iliyopita. Aliangalia fomu, akamwangalia mzee, akaangalia fomu.

"Samahani, jina la bwana harusi hapa silo hili la kwenye kitambulisho."

"Silo," alisema mwenye duka. "Nipe mpya."

"Bibie, kwa kawaida watu huja na yuleyule."

"Na mimi nimekuja na yuleyule. Aliyeandikwa mwanzo ndiye hakuwa yeye."

Karani alimtazama binti kuomba msaada. Binti akainua mabega, kisha, bila kutaka, akacheka. Fomu mpya ikatolewa. Mwenye duka akajaza upande wake kwa mwandiko wa wima, bila kukata herufi hata moja, akatia sahihi. Akaigeuza fomu juu ya meza, akaweka kalamu juu yake, akamsogezea yule mtu.

"Andika," alimwambia. "Kazi hiyo unaiweza."

Akaandika.