Stika Iliyobanduliwa Nishijin

Mwizi aliiacha hariri yote. Hata ile kompyuta kongwe inayoendesha mtambo wa kufumia hakuibeba. Alibandua stika moja tu ubavuni mwake, yenye namba ya leseni ya programu.

"Amenimaliza!" alilalama Mwalimu Tatsumi, mfumaji wa mikanda ya kimono hapa Nishijin, eneo la wafumaji jijini Kyoto. "Kampuni mpya inayomiliki programu inataka stika halisi kabla ya Ijumaa. Asiye nayo anafungiwa programu!"

Inspekta Kuwabara alikuwa akilitazama shuka la kufunikia mtambo. Lilikuwa limekunjwa mara tatu, pindo ndani.

"Nani kakunja hivi?"

"Ndivyo tunavyokunja humu."

"Wewe na nani?"

Mzee alikohoa. "Na Orie, alipokuwa mwanafunzi wangu. Ufunguo wa mlango sikuwahi kumnyang'anya."

Mwizi gani huyo, anaiba huku anapanga nyumba! Kuwabara alikwenda moja kwa moja hadi karakana ya Orie, mtaa wa pili. Huko nako shuka lilikuwa limekunjwa mara tatu, pindo ndani.

"Stika iko wapi, dada?"

Orie hakukana. Aliitoa mfukoni. "Nimeichukua, afande. Lakini ni yangu! Nilipohitimu, Mwalimu alinipa kompyuta na programu yake mbele ya watu wote, nikaanze kazi. Kumbe stika kaihamishia kwenye kompyuta yake nyingine, anatumia namba ileile. Nikifungiwa, karakana imekufa."

"Hukumwomba?"

"Mara ngapi! Jibu lake ni lilelile: 'Nitalifikiria.'"

Kuwabara aliguna. Hapa kwetu Kyoto, mtu akikwambia atalifikiria, ameshakataa.

Alimchukua Orie wakarudi kwa mzee.

"Mwalimu, programu ulimpa?"

"Nilimpa."

"Basi na leseni ilikwenda naye. Sheria haikuruhusu utoe kitu halafu ubaki na nakala yake. Kwa nini ulifanya hivyo?"

Mzee aliinama. "Niliogopa, afande. Mtambo huu ukizimwa, nabaki mzee wa kungoja chai tu."

"Utaifuta programu, na shtaka utaliondoa?"

"Nitalifikiria."

"Aa, wapi! Mimi pia mtu wa Kyoto. Neno hilo leo silipokei."

Mzee aliifuta mwenyewe. Mtambo ukanyamaza. Orie alishindwa kujizuia, akalia.

"Mwalimu, kwangu kazi zimenizidi. Njoo tupokezane zamu."

Kuwabara alisubiri kulisikia lile neno tena.

Mzee alijifuta macho kwa mkono wa kimono.

"Nije saa ngapi?"