Redempta Adaka Mpira

Kila asubuhi Redempta alichota maji, akafagia uwanja wa shangazi yake, kisha akashika njia ya shule peke yake. Alikuwa amehamia Sepuka kutoka Rungwa baada ya mama yake kufariki. Watoto wa jirani walitangulia wakicheka kwa Kinyaturu, lugha asiyoijua. Hakuna aliyemfukuza, wala aliyemwita.

Kuzidisha kulimshinda, maana wakati wa kumuuguza mama hakwenda shule. Hakumwambia mtu. Mwalimu Eliana alipouliza, "Mmeelewa?" naye aliitikia, "Ndiyo!" kisha akanakili majibu ya Deo, jirani yake wa dawati.

Siku moja mwalimu aliwatoa nje na mpira wa makaratasi.

"Leo tunazidisha kwa saba. Anayerusha anauliza, anayedaka anajibu."

Mpira ukaruka huku na huku. Redempta akarudi nyuma taratibu, akiomba usimfikie. Winfrida, msichana wa darasa lake, akamrushia yeye.

"Saba mara sita!"

Akaudaka. Wote wakamgeukia. Deo akamnong'oneza, "Arobaini na mbili."

Angeweza kulisema jibu hilo tu. Lakini kesho je, na keshokutwa? Machozi yakamlenga.

"Deo amenitajia," alisema. "Mimi sijui, mwalimu. Hata mazoezi huwa nanakili."

Wengine wakaangua kicheko. Mwalimu akawatazama, wakanyamaza.

"Winfrida, rushianeni na Redempta. Redempta, kila mpira ukidakwa, ongeza saba."

"Saba," Redempta alianza kwa sauti ndogo. "Kumi na nne. Ishirini na moja. Ishirini na nane..." Akakwama, mpira kifuani, akahesabu kwa vidole.

"Usiogope, tunakusubiri," alisema Winfrida.

"Thelathini na tano!" Akarusha. Winfrida alipodaka, Redempta akapaza sauti, "Arobaini na mbili! Kumbe ni saba ileile, unaijumlisha tu!"

"Ndiyo hiyo," alisema Deo. "Na mimi sitakupa majibu tena. Nitakuonyesha njia."

Walipotawanyika, Redempta alimfuata mwalimu.

"Nisamehe, mwalimu. Niliona aibu. Sina rafiki hapa."

Mwalimu Eliana akamshika bega. "Pole, mwanangu. Kunakili ni kosa, na umelikiri mwenyewe. Ila kumbuka: ukificha usichokijua, unabaki nacho peke yako. Ukisema hujui, utapata wa kukufundisha."

Nje ya lango, Winfrida alikuwa amesimama anamngoja.

"Twende," alisema. "Saba mara saba?"