Mgomba Uliozikwa Kamanga

Waliotazama ile sehemu ya tamthilia anapozikwa waziri walisifu kilio kuliko kitu chochote. Kilio kile, walisema, hakikuwa cha kuigiza. Na kweli hakikuwa. Muulize Celestina, mpambaji wa waigizaji, ambaye mumewe Rugambwa ndiye aliyecheza huyo waziri.

Asubuhi hiyo pale Kamanga ilikuwa njema. Walikunywa chai kando ya ziwa, Celestina akimpaka mumewe poda na kumtania kwamba uwaziri umemnenepesha. Kwenye hadithi, waziri anazama ziwani na mwili hauonekani, basi nduguze wanazika mgomba badala yake, kama Wahaya wafanyavyo. Mgomba ulikwishalazwa ndani ya jeneza. Tatizo lilikuwa kina mama waliokodiwa kulia: machozi ya kumlilia waziri wasiyemjua yaligoma kutoka.

"Mlilieni Rugambwa mwenyewe," akasema Kevin, mwongozaji. "Jina tutalibadilisha studio."

Ma Kokulinda, mkubwa wao, akatikisa kichwa. "Mwanangu, mgomba hauzikwi kwa jina la mtu aliye hai."

Rugambwa, kando ya mkewe, akaangua kicheko. "Shikamoo, Ma. Nililieni tu, nisikie mtakavyonililia."

Wakamlilia. Jina lake lilipaa juu ya maji, hata Celestina akajikuta akibubujikwa na machozi ya kweli. Udongo ukarudishwa. Kamera zikazimwa.

Rugambwa akaomba maji. Hakuna aliyegeuka. Akamgusa Kevin begani. Kevin akajipangusa, kama mtu aliyetuliwa na nzi.

"Celestina," akanong'ona, "mbona hawanioni?"

Celestina akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, unateleza. Akamkalisha garini, akamfunga mkanda, akarudi mbio kaburini.

"Fukueni! Mume wangu anapotea!"

Vijana waliochimba kaburi wakaangaliana. Ma Kokulinda ndiye aliyeshika jembe kwanza. Wakamfuata.

Jeneza likafunguliwa. Mgomba haukuwemo. Alikuwemo Rugambwa, na ile poda usoni. Hakuwa na pumzi. Chini ya kucha zake kulikuwa na vibanzi vya mbao.

Celestina akakimbilia gari. Mkanda ulikuwa umefungwa bado. Kwenye kiti uliegemea mgomba, ukichuruzika utomvu.

Wakamzika tena, safari hii bila kamera. Hakukuwa na la kufanya.

Kiganjani mwa Celestina, pale alipomshika, yamebaki madoa meusi ya utomvu, alama za vidole vya mwanamume. Amesugua kwa limau, amesugua kwa mafuta ya taa. Hayatoki. Na siku za mvua, vile vidole hubana.